Mwanangu ananiomba nifiche ugonjwa wa mdogo wake ili asipoteze nafasi chuoni

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, mzaliwa wa Fizi, Kongo. Tulikaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na huko ndiko kifungua mimba wangu alikozaliwa. Sasa tuko Iowa. Nafanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha nyama. Mume wangu anaendesha lori la masafa marefu, na wiki nyingi tunamwona Jumamosi na Jumapili tu.

Kifungua mimba huyo ametimiza miaka 18. Tulipofika hapa alikuwa akicheza mpira wetu wa miguu, lakini mwili ulifumuka ghafla, na kocha wa shule ya sekondari akamvuta kwenye futiboli yao ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na kugongana. Yuko upande wa ulinzi, kazi yake ni kumfukuza yule anayerusha mpira. Mungu si Athumani: chuo kimoja kikubwa cha Texas kimempa ufadhili wa masomo, chumba na chakula. Anatakiwa aripoti mwezi wa sita, kabla hata masomo ya kawaida hayajaanza.

Tangu atie saini, nyumba imegeuka kambi ya mazoezi. Kocha wa viungo wa huko alimtumia ratiba kwenye simu: kunyanyua chuma siku nne kwa wiki, halafu mbio za yadi 110, ambazo ananiambia ni kama mita mia. Anakimbia, anavuta pumzi kidogo, anakimbia tena, mpaka naona huruma. Wanataka afike na kilo 118, yeye ana 111, kwa hiyo anakula mara sita kwa siku na mayai hayakai kwenye friji. Mpwa wa mume wangu amemletea kopo la unga wa kuongeza misuli ambalo mimi silielewi. Usiku anachora viduara na mishale kwenye ubao, anakariri mipango ya mchezo. Na kuna jambo linanitisha: saa saba mchana anavaa mifuko ya takataka ndani ya fulana na kwenda kukimbia, ati mwili uzoee joto la Texas.

Sasa nije kwenye shida yenyewe. Chuo kimeleta fomu ya afya. Inauliza kama kuna mtu katika familia mwenye ugonjwa wa selimundu, ule wa damu tunaouita sikoseli, au anayebeba vinasaba vyake. Binti yangu mdogo anao. Tumelala naye hospitali mara nyingi, kaka yake anajua, amembeba mgongoni usiku akilia maumivu. Fomu inauliza pia kama mchezaji amewahi kuzimia au kukaribia kuzimia akifanya mazoezi. Mwaka juzi mwezi wa nane alianguka uwanjani katikati ya mbio. Hakupiga kelele. Aliniambia miguu ilikataa tu, kama si yake. Walimmwagia maji, wakasema hakunywa maji ya kutosha, nikaja kumchukua. Hospitali alikataa kwenda, na mimi usiku huo nilikuwa na zamu.

Amenikalisha jikoni akaniambia: "Mama, pale nafasi ni 105 tu. Wakiona sikoseli kwenye karatasi, kabati langu anapewa mwingine. Nitajaza hapana mara mbili, wewe weka habari za bima na usiongeze neno." Baba yake hajui kitu. Nikimwambia, itafika kwa mawifi zangu, ambao tangu binti apimwe wanasema damu mbaya ilitoka kwetu. Wakisikia na huyu wa kiume anayo, sijui nitaweka wapi uso wangu. Rafiki yangu wa kanisani ananiambia ninyamaze, siku hizi hao watoto wanalipwa mamilioni.

Nikisema, mwanangu ataona nimemwuza. Nikinyamaza na akaanguka huko ambako simjui mtu, je? Nishauri.

Mama Kifungua Mimba, Iowa

*

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma asubuhi, nikaiweka, nikairudia jioni. Naomba niseme nilivyokuelewa. Mtoto uliyemtoa kambini amefungua mlango ambao hakuna wa kwenu aliyewahi kuufungua, na sasa anakuomba usimame upande wake kwa kukaa kimya. Wewe unaona kunyamaza ni kumpenda na kusema ni kumpenda, na vyote viwili vinakutisha. Juu ya hapo kuna mawifi. Hilo peke yake lingemkosesha mtu usingizi.

Nianze na jambo ambalo labda halijawekwa mezani kwenu. Ile fomu ina maswali mawili, na nyinyi mmeyafunga pamoja kama mzigo mmoja. Mimi naona ni vitu viwili tofauti kabisa.

Swali la selimundu kwanza. Anachokuomba ukifiche hakifichiki. Tangu 2010, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kimewataka wachezaji wa daraja la kwanza wapimwe vinasaba vya selimundu au waonyeshe majibu ya kipimo cha zamani. Utaratibu huo ulitokana na msiba. Septemba 2006, kijana wa miaka 19 aitwaye Dale Lloyd, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Rice, Houston, alikimbishwa mbio 16 za yadi mia mia. Akaanguka, na kesho yake akafariki. Alikuwa mbebaji wa kinasaba cha selimundu na hakujua. Wazazi wake walikwenda mahakamani, na kupima wachezaji wote ni sehemu ya yaliyotoka katika shauri hilo. Watoto wanaozaliwa Marekani hupimwa wakiwa wachanga. Wako alizaliwa Nyarugusu, kwa hiyo huenda karatasi hiyo hana. Atatolewa damu mwezi wa sita, aandike ndiyo au aandike hapana.

Na uwezekano wa kwamba anabeba ni mkubwa. Ikiwa binti yako ana selimundu yenyewe, maana yake alirithi kinasaba kimoja kwako na kingine kwa baba yake. Mtoto wa wazazi wa namna hiyo ambaye mwenyewe si mgonjwa ana nafasi mbili kati ya tatu za kuwa mbebaji. Soma tena hiyo sentensi yangu kuhusu binti yako, mdogo wangu, uisome polepole. Ugonjwa ule haukuletwa na ukoo mmoja. Kinasaba hiki kimeenea kwetu, huko Fizi, Kigoma na kuzunguka maziwa yote, kwa sababu mtoto mwenye kimoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Si lazima uwapelekee mawifi somo la biolojia kesho asubuhi. Lakini aibu unayoibeba miaka yote hii haikuwa yako peke yako kuibeba, na sina hakika ilistahili kuitwa aibu.

Je, chuo kitamfukuza? Hapa nataka kuwa mkweli kwa pande zote. Kubeba kinasaba si kuumwa, na wabebaji wengi wanacheza mpaka juu kabisa. Ryan Clark wa Pittsburgh Steelers, timu ya kulipwa, alijulikana kuwa mbebaji. Mwaka 2007 alicheza Denver, mji ulio mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, akaugua vibaya hadi akatolewa bandama na kibofu cha nyongo. Akarudi uwanjani, na msimu uliofuata timu yake ikatwaa ubingwa wa taifa. Timu ilipokwenda tena Denver kwa mechi ya mtoano Januari 2012, kocha Mike Tomlin alimweka nje ya mechi hiyo. Walijua, kwa hiyo waliweza kuchagua.

Lakini hofu ya mwanao si ya kipuuzi pia. Mwaka 2001 Devaughn Darling wa Florida State, mbebaji, alifariki baada ya mazoezi. Pacha wake Devard, aliyekuwa timu hiyo hiyo, alinyimwa ruhusa na madaktari kuendelea kucheza pale. Alihamia Washington State, akacheza, na mwaka 2004 akachukuliwa na timu ya kulipwa. Hayo yalikuwa kabla ya kipimo kuwa cha lazima, na leo madaktari wanajua zaidi namna ya kumlinda mbebaji. Hata hivyo siwezi kukuambia mlango haujawahi kufungwa kwa mtu.

Ile namba 105 ni kweli, ndiyo kikomo cha wachezaji wa futiboli kwa vyuo vilivyokubali makubaliano ya mahakama ya mwaka 2025 kuhusu kuwalipa wachezaji. Kijana anajua anachokisema, na ningemwambia hivyo. Ila kanuni za NCAA za daraja la kwanza haziruhusu ufadhili wa michezo upunguzwe au ufutwe katikati ya muda wake kwa sababu ya ugonjwa au jeraha. Muda huo ni wa mwaka mmoja au zaidi? Imeandikwa kwenye karatasi aliyotia saini. Tafuteni. Kinachoruhusu ufadhili kufutwa ni pamoja na udanganyifu kwenye maombi au kwenye mkataba wenyewe. Fomu ya afya si mkataba, lakini mimi nisingependa kuwa mtu wa kwanza kujaribu kuona mpaka uko wapi. Huyo rafiki wa kanisani anayetaja mamilioni, mwache. Wachache wanapata, wengi hawapati, na fomu hii haihusiani na hayo.

Sasa swali la pili, la kuanguka. Hili ndilo linalonikaa moyoni.

Kipimo cha damu kitasema kuhusu vinasaba. Hakitasema kwamba mwezi wa nane mwaka juzi miguu ilimkataa. Hilo mnalijua yeye, wewe, na makocha wa shule ambao hawatakuwapo Texas. Mimi si daktari, na huenda kweli ilikuwa maji tu. Lakini nimevutwa na namna ulivyolieleza. Mkazo wa misuli unaoletwa na joto huwa mkali, msuli unakakamaa kama jiwe na mtu anapiga yowe. Mbebaji wa selimundu anapozidiwa mara nyingi misuli haikakamai: inalegea, inakosa nguvu, naye anaweza kuwa bado anaongea. Kisha kuna moyo, ambao nao huweza kumwangusha kijana mwenye nguvu bila onyo. Daktari angependa sana kuyatenganisha haya matatu, na hawezi kuanza kama hana habari kwamba kuna kitu kilitokea.

Hapo nakuuliza, na ungeweza kumwuliza yeye, si kwa ukali: kati ya majibu mawili ya "hapana", ni lipi linalomwogopesha zaidi? Sikoseli ameishi nayo nyumbani, anaifahamu kwa sura ya mdogo wake. Huenda akisikia neno hilo anaona kitanda cha hospitali, anajiona na yeye atakuwa hivyo. Je, kuna mtu aliyewahi kumweleza kwamba mbebaji si mgonjwa? Na ile mifuko ya plastiki. Unasema anauandaa mwili kwa Texas. Inawezekana. Mimi nimejiuliza pia kama hajipimi, kama hataki kujihakikishia kwamba siku ile haitarudi. Naweza kuwa nimekosea, wewe ndiye uliyemzaa.

Kuhusu mifuko yenyewe sitazunguka. Naomba ivuliwe leo, kabla hujamaliza kufikiria mengine yote. Jasho hupoza mwili likikauka juu ya ngozi, na plastiki inazuia hilo. Mwili huzoea joto kwa wiki moja au mbili za kuongeza mazoezi kidogo kidogo, na timu hufanya hivyo kwa utaratibu wakiwapo watu wa kuangalia. Peke yake, saa saba mchana, kijana aliyewahi kuanguka? Hapana. Kopo la unga nalo alipige picha, amtumie mhudumu wa afya wa timu kabla ya kuendelea. Kuna unga wenye vitu visivyoandikwa kwenye karatasi ya kopo, na mchezaji akikutwa na dawa ya kuongeza nguvu iliyokatazwa, NCAA inamzuia kucheza mwaka mzima na anapoteza msimu mmoja wa haki yake ya kucheza. Mpwa atakuwa amesaidia nini? Sombe yako na samaki na maharage vitamfikisha kilo 118 bila kesi.

Turudi kwenye njia zilizo mbele yako.

Unaweza kunyamaza kama alivyoomba. Utalinda imani yake kwako kwa sasa, na damu itajisemea yenyewe mwezi wa sita. Lakini atayapokea majibu hayo peke yake, kwenye chumba chenye watu asiowajua, huku fomu yenye "hapana" ikiwa mezani mbele ya daktari. Na kuanguka kwake kutabaki siri, siku zile za mwanzo za mazoezi ambazo ndizo wageni hujisukuma kupita kiasi ili waonekane.

Unaweza kumpigia daktari wa timu bila yeye kujua. Mama wengi wangefanya hivyo na nisingewalaumu. Fikiria tu gharama yake. Ametimiza miaka 18, na kwa sheria za huko habari za afya yake ni zake. Akishafika chuoni, hawatakuambia mengi bila ruhusa yake. Akiona ulimzunguka, ruhusa hiyo huenda asikupe, na siku atakapojisikia vibaya saa nne za usiku huenda asikupigie simu.

Kuna njia ya tatu ambayo barua yako haikuitaja: apimwe hapo hapo Iowa kabla ya kusafiri. Ni damu kidogo tu. Daktari wa binti yako anaweza kuelekeza, na kijana atakuwa wa kwanza kujua, pamoja nawe, kabla ya kocha yeyote. Siku hiyo hiyo angeweza kumweleza daktari kuhusu mwaka juzi na kuangaliwa moyo. Hatari zake? Bima inaweza isilipe yote, ulizeni mapema. Majibu ya moyo yanaweza kuchukua muda na kumchelewesha. Na anaweza kujua kitu ambacho asingependa kukijua wiki chache kabla ya safari. Yeye ndiye wa kupima kama anakiweza, lakini anastahili kuipata nafasi ya kuchagua.

Halafu kuna namna ya kuliweka jambo hili ambayo inaweza kumgusa mchezaji kuliko machozi ya mama. Mwaka 2007 chama cha wahudumu wa afya ya wanamichezo Marekani kilitoa mwongozo kuhusu wabebaji: waanze polepole, wajipangie mwendo wao, wapewe mapumziko marefu zaidi kati ya mbio na mbio, na wasiingizwe kwenye mbio za kupimwa uwezo. Timu inayojua inaweza kumpa hayo. Isiyojua itamkimbiza kama wengine, naye hatainua mkono kuomba kupumzika, maana atakuwa ameshasema "hapana". Anakariri mipango ya mchezo mpaka usiku ili asikosee hatua moja. Kuujua mwili wake nako ni sehemu ya maandalizi hayo, na ningependa alisikie hilo kutoka kwa mtu wa michezo. Kocha wake wa sekondari, kama wanaelewana, anaweza kuwa huyo mtu.

Baba yake. Umeandika kwamba hajui kitu, ukapita haraka. Sikulaumu, naelewa njia ambayo maneno husafiri kutoka kwake hadi kwa dada zake. Lakini mtoto anaondoka mwezi wa sita, na bima huenda iko kwa jina la mmoja wenu. Kuna saa ambayo lori limepaki na watoto wamelala? Ungeweza kuanza na binti, si na mawifi: kwamba daktari amesema ilitoka kwetu sote wawili. Uone anavyolipokea hilo kwanza. Kama unahofia ataligeuza fimbo, mwombe daktari wa binti awaeleze nyote wawili pamoja. Ni sehemu ya kazi yao, wamezoea.

Jambo la mwisho ni dogo, lakini nadhani limekubana zaidi ya ulivyosema. Nahisi kwenye miadi mingi ya hospitali huyu kijana ndiye mkalimani wako. Kwa hili asiwe yeye, wala mdogo wake mwingine. Kliniki na hospitali zinazopokea fedha za serikali ya Marekani zinatakiwa kukupa mkalimani bila malipo, hata kwa simu. Unapopiga kuweka miadi, sema neno moja tu, "Swahili", na usubiri kwenye laini. Andika maswali yako kwenye karatasi kabla, moja likiwa hili la miguu iliyokataa, kwa maneno yale yale uliyoniandikia mimi.